Hongera Tele kwenye Jabali la Kiboko

Niwape nisiwape?
— Tupe!
Mko macho, au mko kwenye simu?
— Tuko macho!
Mwongo mmoja, nimemwona. Haya.

Kando ya mto palikuwa na jabali, na mwenye jabali alikuwa Kiboko. Kila mnyama aliyetaka kazi alichora hapo jina na ujuzi wake, kwaru kwaru kwaru, akamwachia Kiboko kapu la mihogo. Wenzake wakipita, wanachora chini yake: "Hongera sana!" Kazi? Kazi hakuna. Hongera, tele.

Kobe alichora, "Najivunia kuwatangazia kwamba bado nipo." Hongera sana! Fisi alichora, "Mtaalamu wa kulinda mbuzi." Hongera sana! Na Mbuzi mwenyewe akamthibitisha.

Nguchiro, mama wa watoto wanne, bingwa wa kuua nyoka, jina lake lilikuwa jabalini misimu mitatu. Sasa nyumbani kimebaki kikapu kimoja cha mihogo, na watoto wanalia njaa. Akakibeba kikapu, akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Kazi sijapata."

"Marahaba. Lakini hongera umepata mia sita, mama! Lete hicho kikapu nikwambie nani alipita kulitazama jina lako."

Labda ni tajiri, akawaza Nguchiro. Akatoa. Gubu gubu gubu, kikapu kikaisha.

"Haya, ni nani?"

"Konokono. Mara mbili."

Nguchiro aliumia, jamani. Aliumia hasa. Akaenda upande wa pili wa jabali, kwaru kwaru kwaru: "Anatafutwa Mkurugenzi wa mashamba yote ya mihogo ng'ambo ya mto. Awe mnene. Awe na uzoefu wa kula bila kulima. Mwombaji akae mchangani, kimya, mpaka aitwe."

Kiboko akasoma. Akasoma tena. "Huyu ni mimi mtupu!" Chubwi! Akavuka, ghala lake la mihogo kaliacha wazi.

Nguchiro akabeba kapu, akabeba kapu, akabeba kapu. Watoto wakala wakashiba.

Na Kiboko? Yuko mchangani mpaka leo, ngozi imembabuka kwa jua. Ukimuuliza, "Vipi, mzee?" anajibu, "Niko hatua ya mwisho ya usaili."

Wanyama walipomkosa wakachora, "Hongera sana kwa cheo kipya!" Hakuna aliyeuliza cheo gani. Wakaacha makapu yao palepale kama kawaida, na kila jioni Nguchiro anapita kuyachukua.

Ngano naitua hapa. Mmeipokea?
— Tumeipokea!

Funzo: wanangu, kachoreni majina yenu mapema, na msichoke kupongezana. Jabali linalisha familia. Kama hamniamini, muulizeni Nguchiro.