Kitu Kidogo cha Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Watoto kaeni mbele, wakubwa nyuma. Mwenye cheo akae karibu na mlango, huenda akataka kutoka mapema.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji uitwao Gogoni. Mji wa mpakani. Upande huu nchi moja, upande ule nchi nyingine, katikati kijito. Juu ya kijito, gogo. Juu ya gogo, geti. Mbele ya geti, Koplo Fisi na kaptura yake, na filimbi yake, na rungu lake.

Kila aliyetaka kuvuka alisimamishwa. Priii! "Toa kitu kidogo."

Swala hakutoa. Rungu, kwa! Akarudi nyumbani anachechemea. Kobe hakutoa. Rungu, ko! Rungu likavunjika vipande viwili, na Kobe akaambiwa alete jingine, maana ameharibu mali ya serikali.

Na hapo getini palikuwa na desturi. Kitu kidogo hakitazamwi. Unatazama juu, unajifanya unaangalia mawingu, unapeleka mkono nyuma, unapokea, unatumbukiza ndani ya kaptura. Basi mtu akikuuliza, "Koplo, umepokea?" unaapa kabisa, "Mimi sijaona kitu." Na ni kweli. Hajaona.

Sasa, alikuwepo Mama Kanga. Kiota chake kilikuwa upande huu, mtama wa kula ulikuwa upande ule. Mtaniuliza, kwa nini asiruke, si ana mabawa? Mumewe aliruka. Aliruka juu ya geti mchana kweupe, na manati ya Fisi ikasema fyuuu. Yalirudi manyoya matatu. Hapo mimi sicheki, na ninyi msicheke.

Basi Mama Kanga akawa anatoa. Hakuwa na kitu ila mayai. Yalikuwa kumi na moja. Akavuka, akatoa moja. Akavuka, akatoa moja. Akavuka, akatoa moja. Siku ya kumi likabaki moja tu, na Fisi akamwambia, "Mama, kesho lete lile la mwisho. Usilichemshe, mimi tumbo langu halipendi vya kuchemsha."

Mama Kanga akaenda kukaa kando ya njia, akalia. Kee-kee! Kee-kee! Hapo kando ya njia walikuwa wamejaa siafu, mstari mrefu, kila mmoja ana yai mdomoni, na hawaendi popote.

Mama Siafu, mkubwa wao, akasema, "Dada, unatupigia kelele. Una nini?"

"Kesho natoa yai langu la mwisho."

"Pole. Sisi tuko hapa siku ya tisa. Fisi anataka kitu kidogo kwa kila mguu, na kila mmoja wetu ana miguu sita. Kwanza kitu kidogo kuliko sisi tutakitoa wapi?"

Mama Kanga akaacha kulia. Akageuza kichwa huku. Akageuza kichwa kule.

"Hebu rudia, dada."

"Nasema, kitu kidogo kuliko sisi..."

"Inatosha. Nipe askari wako mia tano, na kesho mtavuka nyote bila kutoa hata unywele."

"Wewe si ndiye unayetudonoa?"

"Leo sidonoi."

"Na kesho?"

"Kesho tutazungumza."

Wakapatana. Mama Kanga akakata jani la mgomba, akafunga vifurushi vitano, siafu mia kwa kila kimoja, na kila kifurushi akakifunga kwa unyoya wake wenye madoa. Mama Siafu akawaonya askari wake, "Kimya kabisa. Mkisikia maneno 'kitu kidogo', fanyeni kazi mliyozaliwa nayo."

Asubuhi, getini. Priii! Mama Kanga hakungoja kuulizwa. "Shikamoo, Koplo. Pokea." Fisi akatazama mawingu. Mkono nyuma. Vifurushi vitano, vizito! Akafurahi, akatumbukiza. Mama Kanga akangoja anayefuata asimamishwe, Fisi aseme yale maneno, mambo yaanze.

Hakusema. Ngoma ililia mjini, du du du, wote waitwa mkutanoni. Mheshimiwa Kiboko, mkubwa wa mji, anahutubia. Geti likafungwa. Mama Kanga akaenda mkutanoni na roho mkononi. Fisi akifungua vile vifurushi, yai limekwenda, naye mama yai amekwenda.

Fisi hakufungua. Alibakiza kimoja kwenye kaptura, vinne akampelekea bosi wake, Inspekta Ngiri. Ngiri akatazama mawingu, akaficha kimoja chini ya mkia, kwenye suruali. Vitatu akampenyezea... nani? Nyie watoto mnajua. Wakubwa wanajifanya hawajui.

Mheshimiwa Kiboko akapanda jukwaani, koti limemkaza, kifua kimetuna vifurushi vitatu. Nyuma yake Fisi na Ngiri, wamesimama wima.

"Wananchi," akasema, "nasikia maneno. Eti watu wanapigwa getini. Eti wanaombwa. Nikimkamata mla rushwa, nitamtafuna." Akasahau kwamba yeye hula majani. "Nasema mbele yenu, hapa Gogoni hakuna kitu kidogo."

Hee!

Siafu walikuwa wamesikia.

Kwanza Fisi. "Ui!" Akachuchumaa, sehemu ya nyuma ikashuka, akaanza kucheka bila kutaka, hi-hi-hi-hi. Ngiri naye, mkia ukasimama wima, tiing, akazunguka jukwaa mara tatu. Kiboko akang'ang'ania hotuba. "Hakuna... aii... hakuna kitu... aii... kidogo..." Maskini, kila akitaja, siafu wanaona wameagizwa upya. Vifungo vya koti vikaruka, pa! pa! pa! Kimoja kikampata Kobe mgongoni, ko, na safari hii hakudaiwa rungu.

Vifurushi vikaanguka chini. Jani la mgomba. Unyoya wenye madoa. Cha Fisi, cha Ngiri, vya Mheshimiwa, vyote sare.

Kobe akauliza taratibu, "Mheshimiwa, unyoya wa Mama Kanga umefikaje kifuani kwako?"

Kiboko akajibu kwa mazoea, "Mimi sijaona kitu."

Mji mzima ukasimama. Swala anayechechemea ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakimbiza. Kiboko akajitupa kijitoni, chubwi, na mchana hadi leo huacha pua tu nje. Ngiri hadi leo hukimbia mkia juu. Fisi hadi leo nyuma kumeshuka, na kile kicheko si furaha.

Geti likang'olewa, likawa kuni. Siafu wakavuka na mayai yao, mguu kwa mguu. Mama Kanga akawapa siku saba za amani. Kuanzia ya nane, sijui.

Akarudi kiotani mbio. Yai lipo. Likasema, tik. Akatoka kifaranga, amelowa, ana madoa mawili. Mama yake akamtazama, akamtazama sana, maana yeye hutazama anachopewa. Akamwita Kikubwa.

Fundisho nalisema wazi, asije mtu akasingizia hakuelewa. Mdogo akikupora mchana kweupe bila hofu, yupo mkubwa anayekula naye. Msiishie kumlaani wa getini, ulizeni kinapanda kwenda kwa nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye gogo la Gogoni. Anayetaka kuvuka avuke, geti tumeshalipikia.