Sampuli Namba Saba

Sogeeni mnisikilize, maana nikimaliza hukumu itakuwa yenu.

Mbeleje alikuwa mama mwenye moyo wa kuthubutu. Sechelela, muuguzi wa zahanati ya Chinyika, alikuwa na miguu isiyochoka. Chilewa wa maabara ya mjini aliweza kusoma vinasaba vya virusi kama wewe unavyosoma barua.

Surua iliingia Chinyika ikaua watoto kumi na mmoja. Watu wakasema imeletwa na wafugaji wahamiaji, wakaanza kuwachomea maboma.

Sechelela alipita nyumba kwa nyumba akiomba sampuli za koo. Milango ikafungwa. Mbeleje peke yake ndiye aliyefungua, akiwa amempakata mwanawe, Nyemo, mwili mzima vipele.

"Chukua, dada. Ila niahidi jina lake halitapotea."

"Halitapotea, mama Nyemo."

Kesho yake Nyemo akafa.

Mafuriko yalikuwa yamekata barabara. Sechelela akajitwika kisanduku cha barafu, akavuka mto maji yakimfika kifuani, akatembea siku mbili hadi mjini.

Chilewa alijifungia maabara wiki nzima. Akalinganisha vinasaba, akaona kirusi cha Nyemo ni kilekile kilichopatikana mwezi uliotangulia kwenye kambi ya machimbo. Basi surua ilitoka machimboni; wafugaji hawakuwa na hatia. Chanjo zikapelekwa kambini na Chinyika, surua ikakoma.

Mkuu wa maabara alikuwa ameahidi kuwataja wote. Siku ya kusoma ripoti alijitaja mwenyewe tu. Nyemo akawa "sampuli namba saba." Chilewa, aliyeketi mbele, akapiga makofi.

"Umetusaliti!" Sechelela alimwambia Chilewa nje.

"Ningefukuzwa kazi, dada."

"Na mimi ningezama!"

Mbeleje, aliyekuja kusikia jina la mwanawe, hakumtazama Chilewa. Alimgeukia Sechelela. "Huyu simjui. Aliyeniahidi ni wewe."



Aibu ilimla Chilewa hadi akaandikia halmashauri ukweli wote. Akafukuzwa kazi kweli. Halmashauri ikaamua wodi mpya ya watoto ipewe jina, lakini jina moja tu.

Mbeleje anataka liwe Nyemo. Wanakijiji wanamtaka Sechelela, aliyeubeba ushahidi. Wafugaji wanasema Chilewa, kwani ndiye aliyewasafisha, tena kwa kupoteza kazi yake.

Haya, wasikilizaji. Pasingekuwa na mmoja wao, kazi ya wenzake ingekuwa bure. Mlangoni mwa wodi ile, wewe ungeandika jina la nani?