Pindo na Fundo la Kwanza

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Aliyeshiba?"
"Atulie!"
"Mwenye usingizi?"
"Ajifinye!"
"Na mwenye mdomo?"
"Asikilize kwanza!"

Haya, sogeeni. Na wewe uliyenyoosha miguu mbele ya moto, ikunje, hauko peke yako hapa. Leo nasimulia hadithi inayonikera. Nimeisimulia mara nyingi na bado hasira hainiishi. Ninyi hasa, vijana mlioingia miaka ya ishirini juzi juzi, mnaoambiwa kila siku kwamba mna muda, tegeni masikio.

Hapo zamani za kale palikuwa na mgunga ulioinamia bwawa. Juu ya mgunga waliishi minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia. Chini yake, matopeni, aliishi Kenge. Kenge hakuwa na haraka. Alilala amefumba jicho moja, na kila kilichoanguka alikila.

Katika mti ule palikuwa na desturi. Mnana kijana akishaota manyoya ya manjano, macho yake makali, mdomo wake una nguvu, alipelekwa kwenye tawi la wachanaji. Kazi yao ilikuwa kuchana matete yawe nyuzi, na nyuzi kuwapelekea wazee. Asubuhi wanachana. Mchana wanachana. Jioni wanagawiwa punje za mtama, kisha wanaimbishwa:

Chana, kijana, chana,
kusuka kutakuja;
manyoya yalikuja,
na kusuka kutakuja.

Nao wanaimba na kupiga mbawa kwa furaha! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hawakuchapwa. Walishibishwa, wakasifiwa, wakaimbishwa, basi, wakaridhika.

Misimu ikipita, kijana hupewa kijitawi chake na kuambiwa, "Sasa umekua. Suka." Atasuka nini, jamani? Mdomo umezoea kuchana tu!

Sasa, kwenye tawi la wachanaji alikuwepo kijana anaitwa Pindo, na Pindo alikuwa na kaka yake, Mkumbi. Mkumbi alikuwa mchanaji hodari, sifa zake zilienea mti mzima. Siku alipopewa tawi alizungusha nyuzi huku, akazungusha nyuzi huku, kikaonekana kiota. Mkewe akaingia, akataga. Upepo wa kwanza ulipopita, kiota kikateleza kikaanguka, pwaa! na mayai yote ndani. Kenge akafumbua jicho la pili.

Pindo aliyaona hayo kwa macho yake. Alimwona shemeji yake akizunguka juu ya matope, analia, anazunguka, analia. Akamsikia Bwana Shungi, mkubwa wa mti, akitoa pole zake. "Pole sana, Mkumbi. Kumbe hukujaliwa mdomo wa kusuka. Rudi tu kwa wachanaji, usiku utajibanza chini ya kiota changu."

"Ahsante, mzee," akasema Mkumbi.

Ahsante! Msimu unaofuata tawi lingekuwa la Pindo. Akajua wazi kwamba akiendelea kuchana na kuimba, mayai yatakayoanguka baada ya haya yatakuwa ya kwake.

Akaenda kwa Bwana Shungi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyuzi ziko wapi?"

"Mzee, naomba unionyeshe fundo la kwanza, lile linaloshika tawi."

Bwana Shungi akatazama pembeni. "Wewe bado mbichi. Una muda. Nenda kachane."

Akaenda kwa vijana wenzake.

"Jamani, tuamke mapema tujifunze kusuka kabla ya kuchana."

Wakacheka mpaka tawi likayumba. "Ujana wenyewe ndio huu, mfupi, halafu tuumalize kwenye mafundo? Njoo tuimbe bwana!"

Akaenda kwa mama yake.

"Mama, nataka kujifunza kusuka."

"Pindo mwanangu, usinitie aibu. Kaka yako amechana, marehemu baba yako alichana. Watu watasema nimezaa mjuaji."

Basi afanyeje? Akashuka mwenyewe hadi ukingoni mwa bwawa, kilipolala kile kiota cha kaka yake.

"Karibu, mdogo wangu," akasema Kenge. "Sogea tuzungumze."

"Nimeshakaribia, sisogei."

Akakinyakua kile kiota, akaruka nacho hadi kichaka cha miiba ng'ambo ya bwawa. Kila alfajiri, kabla wenzake hawajaamka, alikwenda kukifumua, uzi baada ya uzi, apate kujua kwa nini kilianguka. Alipofika kwenye uzi wa mwisho akaona. Fundo hakuna! Uzi umezungushwa tawini na kuachwa hivyo hivyo, kama kanga iliyotundikwa kwenye kamba bila kubanwa. Mengine yote yaliyosukwa juu yake yalikuwa pambo tu.

Akaanza kujaribu. Akafunga uzi, ukafunguka. Akafunga tena, ukakatika. Akafunga tena, ukamchana ulimi. Alfajiri nyingi zikapita hivyo, mpaka akagundua kwamba uzi mkavu haufai. Tete likibanwa lingali na maji yake, likija kukauka linang'ang'ania tawi, halitoki.

Lakini kadiri alivyozidi kukaa kichakani, hata jioni, nyuzi alizopeleka kwa wazee zikapungua, na mtama wake nao ukapunguzwa. Akakonda. Wenzake wakamtungia wimbo, "Pindo anasuka hewa!" Mjukuu wa nani sijui alikuwa anamsindikiza nao kila akipita. Na msidhani Pindo alikuwa jiwe. Jioni akisikia wenzake wanaimba ng'ambo ile, alitamani kurudi. Kuna siku alilia mpaka manyoya ya kifua yakalowa. Halafu akamkumbuka shemeji yake alivyokuwa akizunguka juu ya yale matope, akarudi kwenye fundo lake.

Siku moja akaja Zawena, binti mnana wa mti uleule. Hakusifu wala hakukashifu. Alikikamata kwa mdomo kiota cha kwanza alichosuka Pindo, akakivuta kwa nguvu zake zote. Kikang'oka.

"Bado," akasema, akaenda zake.

Pindo akasuka kingine. Zawena akaja, akakikamata, akavuta. Kikapasuka ubavuni.

"Bado."

Pindo akasuka kingine tena. Zawena akaja, akavuta, akaning'inia nacho, akajirusha huku na huku kama anagombana nacho. Kikayumba, kikatulia.

"Hapa nitataga," akasema Zawena.

Mpo?

"Tupo!"

Basi masika yakaingia. Mchana mmoja mbingu zikawa nyeusi, upepo ukaushika mgunga ukautikisa. Viota vya wazee vilikuwa vinene ajabu, kwa sababu kila msimu walivibandika nyuzi mpya juu ya nyuzi kuukuu. Sasa vikalowa, vikawa vizito. Cha kwanza kuanguka kilikuwa cha Bwana Shungi, kiota kikubwa kuliko vyote. Pwaa! Vikafuata vingine, pwaa, pwaa! Kenge alikula mpaka akashindwa kutambaa.

Minana wote wakakimbilia ng'ambo ya bwawa, wameloa, wanalia. Pale kichakani kiota cha Pindo kinabembea, Zawena yumo, mayai yamo. Wakaingizwa makinda kwanza, wakafuata vikongwe, hadi kikajaa. Waliobaki wakajibanza kwenye matawi.

Bwana Shungi akamsogelea Pindo, shungi lote limemlalia usoni.

"Pindo mwanangu, sisi ni wazee wako. Tusukie."

Lakini Pindo alikuwa amekitazama kile kiota kikubwa kilivyopasuka kikianguka. Alikuwa ameona ndani kumeoza, kweusi tii.

"Mzee, kile kiota chako, fundo lake la kwanza alilifunga nani?"

"Babu yangu."

"Na baba yako alifunga lipi?"

"Baba alibandika."

"Na wewe?"

Bwana Shungi akalipangusa shungi usoni. Mvua ikanyesha. Minana wote wakamtazama.

"Nami nilibandika," akasema. "Sijui kusuka, Pindo. Sijawahi kujua. Nilipokuwa na manyoya kama yako, mdomo wangu ulikuwa mkali kama wako. Nikamwomba baba anifundishe, akaniambia nina muda. Sikujua kwamba na yeye hajui."

Jamani! Pindo akaja juu.

"Kwa hiyo ulijua! Ulijua inavyouma, na bado ukamwambia kaka yangu hakujaliwa mdomo! Ukamwacha mkewe alie juu ya matope, na wewe unajua kosa si la mumewe! Ulipata wapi moyo huo?"

"Ningesema nini, mwanangu? Ningesema sijui? Mbele ya mti mzima?"

"Ndiyo!" akapiga kelele Pindo. "Ungesema hujui! Tungejifunza wote!"

Mkumbi alikuwa amekaa kwenye tawi la jirani, na alipoyasikia hayo aligeuka akamtazama mkewe, kisha akaweka kichwa chini.

Kulipopambazuka mvua imekatika, Pindo akawaita vijana wote pale kichakani, pamoja na Mkumbi. Hakuwasukia. Aliwapa kila mmoja uzi mbichi akawaambia, "Funga." Desturi ya mti ikabadilika tangu siku ile. Ukiota manyoya ya manjano, alfajiri ni ya kujifunza, haiguswi na mzee yeyote. Ukimaliza, ndipo unamsaidia umtakaye. Mkumbi alichukua muda mrefu kuliko wote, maana mdomo wake ulikuwa umeshakuwa butu kwa kuchana. Kiota chake kilikuja kikiwa kimepinda, lakini mkewe alitaga humo na makinda wakatoka.

Bwana Shungi naye alikuja kujifunza, hilo lazima niliseme. Alishika uzi, mdomo ukatetemeka, fundo likafunguka. Akashika tena, likafunguka. Akashika tena. Vijana waliacha kazi zao wakamtazama, na hakuna aliyecheka. Alikuja kila alfajiri mpaka alipokufa, na fundo lenyewe hakuwahi kulifunga.

Basi, vijana wangu, mafunzo ni haya. Miaka yenu hii yenye nguvu, itengeeni kitu cha kujijenga wenyewe, hata kama mtama utapungua na wenzenu watawaimba. Na mtu akikwambia una muda, usimjibu kwa adabu tu ukaondoka. Muulize, huo muda wangu sasa hivi anautumia nani?

Hadithi nimeikata hapo. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, vilevile ondokeni nayo, mimi imeshanichosha. Na yule aliyesinzia tangu mwanzo msimwamshe, Kenge naye lazima ale.