Turbo Ndogo ya Fundi Mbelwa

Pumzi hupimwa kwa kifua, si kwa mlima.

Mmelisikia neno hilo asubuhi hii, shangazi yenu akimwambia kijana anayetaka kulima eka kumi kwa jembe moja, nanyi mkacheka, kisha mkataka kujua nani alilisema kwanza. Basi tulieni. Halikutoka kwa wahenga wa kale, lilitoka gereji, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mwanamke wa Korogwe, Mwantumu binti Shekalaghe. Baba yake alikuwa na gari la mashindano, jekundu, la milango miwili, alilokimbia nalo enzi zake. Magoti ya mzee yalipogoma, wanawe wa kiume wakataka gari liuzwe. Mwantumu akalililia. Mzee akakata shauri: "Shiriki mbio za mwaka huu, za kupanda kutoka Mombo hadi Soni. Ukifika juu gari likiwa zima, ni lako. Likikufia njiani, linauzwa."

Sasa, Mwantumu alikuwa mtu wa shaka, wala msimlaumu upesi. Mwanamke akiingia gereji peke yake, mafundi hukonyezana. Alikwisha kuuziwa betri kuukuu iliyopakwa rangi, akabadilishiwa plagi sita kwenye injini yenye plagi nne. Kwa hiyo alijiwekea desturi: fundi akifungua boneti, yeye huvuta kigoda na kukaa hapo hapo mpaka boneti ifungwe, na kila kipuri kilichong'olewa akabidhiwe mkononi, kibovu kwa kizima. Mafundi walimpachika jina la Askari. Hakujali.

Kwa ajili ya mlima ule alitaka turbo mpya. Turbo ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa injini, nalo huisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Ndiyo pumzi ya ziada ya gari. Akaenda kwa fundi Mbelwa, mtu wa maneno ya kuhesabika. Mbelwa akaisikiliza injini, akapima mgandamizo wa hewa, silinda moja baada ya nyingine, kisha akatoa kwenye rafu turbo iliyoizidi ile ya zamani ukubwa kwa kiasi kidogo tu.

"Hii inatosha, binti Shekalaghe."

Mwantumu akahisi damu inampanda. Maisha yake yote alikuwa akiambiwa kwamba kidogo kinamtosha. "Na wanaume nao unawafungia hii hii?"

"Pumzi hupimwa kwa kifua," Mbelwa alijibu huku akifuta mikono, "si kwa mlima. Injini hii imezeeka. Ukiipulizia zaidi ya hapo, itapasuka."

Mwantumu akaondoka amenuna. Kwa nini amng'ang'anize hii? Labda imemdodea. Labda ile kubwa amemwekea dereva mwingine, maana magari mawili ya washindani wake yalikuwa yameegeshwa pale pale. Akamtegea mtego. Alimpa gari binamu yake Shauri, akamwagiza aende kwa Mbelwa aseme ni lake na anataka turbo ya kupandia Soni.

Shauri akarudi jioni. "Kanionyesha ile ile ndogo, na maneno ni yale yale."

Mwingine yeyote angeridhika. Mwantumu akamkazia macho binamu yake. "Umemwambia gari ni langu."

"Sikumwambia kitu!"

"Basi kalitambua."

Hapo hakukosea, kwani gari lile jekundu lilijulikana hata na mbuzi wa Korogwe. Hilo hakuliwaza alipotega mtego. Na tangu siku hiyo akamshuku Shauri pia.

Akashuka Tanga, kwenye duka la vipuri ambako hakuwa akijuana na mtu. Muuzaji, kijana mchangamfu, akafungua boksi na kutoa turbo nene kama malenge. "Wewe ni dereva, dada, si abiria," alisema. "Hao mafundi wa kwenu wanakuogopa." Mwantumu, aliyemshuku fundi na akamshuku ndugu wa damu, hakumwuliza huyu hata swali moja. Turbo ikafungwa siku hiyo hiyo uani pa duka, naye amekaa kwenye kigoda, macho makavu. Alikabidhiwa kila kipuri cha zamani. Haikuibwa hata nati.

Siku ya mbio ikafika. Pale Mombo kwenye tambarare gari liliruka, watu wakapiga vigelegele. Kisha zikaanza kona. Turbo kubwa huchelewa kuamka: Mwantumu alikanyaga mafuta ndani ya kona, gari likazubaa, na kona ilipokwisha pumzi yote ikaja kwa mkupuo. Kona baada ya kona ilikuwa hivyo hivyo. Karibu na Soni, ambako kelele za washangiliaji zilikwisha kusikika, chuma kililia mara moja tu. Mkono wa pistoni ulikuwa umevunjika na kutoboa injini. Oili ikamwagika barabarani.

Mzee Shekalaghe akafika na wanawe. Mbelwa naye akaja na kamba ya kuvutia gari.

"Si huyu?" kaka mkubwa alimnyooshea Mbelwa kidole. "Gari lilikuwa kwake juzi tu. Mafundi hawa wakimwona mwanamke!"

Mzee akamgeukia binti yake kwa huruma. "Mwanangu, kama umetapeliwa, kosa si lako. Nitaitengeneza injini, mwakani utapanda tena."

Mwantumu akamtazama Mbelwa. Mbelwa alikuwa amechutama anafunga kamba, wala hakujitetea. Ilitosha Mwantumu kuitikia kwa kichwa, gari libaki kwake. Na nani angebisha? Ni yeye mwenyewe aliyeitangazia Korogwe nzima kwamba mafundi ni wezi.

"Hakunitapeli, baba. Hakuifunga yeye. Aliniambia pumzi hupimwa kwa kifua, si kwa mlima. Alikuwa anapima injini, mimi nikadhani ananipima mimi."

Mzee akaweka kiganja juu ya boneti. "Basi linauzwa," alisema kwa sauti iliyomuuma mwenyewe, "kama tulivyoagana."

"Ndiyo, baba."

Akalia mbele ya watu bila kujificha. Mbelwa akainuka, akamwambia polepole, "Pole, dada," na kwa mara ya kwanza Mwantumu hakutafuta kilichojificha nyuma ya neno la fundi.

Gari liliuzwa wiki ile ile. Waliokuwa kando ya barabara waliondoka na usemi ule, wakaupeleka mashambani, kwenye vikao vya harusi na popote mtu anapotamani mzigo unaomshinda. Hawakuusahau, kwa sababu walimwona Mwantumu, aliyeusema pale, akilipoteza gari kwa kusema kweli. Nanyi sasa mkiambiwa, msicheke: pumzi hupimwa kwa kifua, si kwa mlima.