Gololi Nyeusi

Paukwa!

Pakawa!

Haya, niambieni bila kujificha: nani kati yenu hajawahi kumsingizia Mungu?

Hakuna? Basi sikilizeni.

Palikuwa na kijiji cha wanawake wafinyanzi. Katika chemchemi yao liliishi zimwi, tumbo kama ghala. Kila mwaka lilifunga maji mpaka lipewe mtoto.

Wazee wakapanga kura. Kila mama aingize mkono chunguni, atoe gololi ya udongo. Utakayoigusa kwanza ndiyo yako. Ukitoa nyeupe, mwanao amepona. Ukitoa nyeusi, mwanao anakwenda.

"Mungu ndiye anayechagua," walisema wazee, mikono yao imetulia mapajani.

Lakini gololi nyeupe zilifinyangwa upya kila mwaka, zilikwaruza. Nyeusi ilikuwa ileile ya zamani, imelainika kwa kushikwashikwa. Wazee hawakulijua hilo. Mfinyanzi huona kwa vidole.

Mwaka mmoja wengine wote walitoa nyeupe, wakabaki wawili, Nakiete na jirani yake Namkunda. Nakiete akaingiza mkono, akakawia kidogo, akatoa nyeupe. Iliyobaki ilikuwa nyeusi.

Namkunda alikuwa na mtoto mmoja tu, Niwaeli.

"Nipelekeni mimi!" akalia.

Zimwi likanguruma kutoka chemchemini: "Sili mifupa mikavu!"

Niwaeli akamfuta mama yake machozi. "Niachie, mama. Nakwenda kwa hiari yangu. Mungu atanipokea."

Basi akateremka chemchemini peke yake, zimwi likamuuliza:

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Nani amekulazimisha?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Nani amekudanganya, we kitoto?"

"Nimekuja mwenyewe. Kula, uwaachie watu maji yao."

Zimwi lilikuwa halijawahi kumla mtu aliyejitoa; tumbo lake liliweza waliolazimishwa tu. Likammeza, tumbo likapasuka pwaa! Likafa. Maji yakafurika, hayakufungwa tena.

Najua mnangoja Niwaeli atoke tumboni mzima. Hakutoka.

Kijiji kikacheza ngoma siku saba. "Mungu alichagua vizuri!" wakasema wazee, midomo ikimeta mafuta. Nakiete hakucheza.

Basi ikawa kila asubuhi Namkunda anateka maji, anawapa wapita njia. Na Nakiete anamletea uji. Siku ya kwanza akauweka mlangoni, akaondoka. Siku ya pili akauweka mlangoni, akaondoka. Siku ya tatu miguu ikakataa kuondoka.

"Dada, humchukii Mungu? Si ndiye aliyemchagua mwanao?"

"Mungu achague kwa gololi? Hayo waachie wazee na vitambi vyao," akasema Namkunda. "Mwanangu alijitoa ili wenziwe wanywe, Mungu akampokea. Hilo ndilo nililoshika. Nikiliachia naanguka. Na usidhani simlilii, ninalia mpaka macho yanawaka."

Akamgeukia jirani yake.

"Lakini wewe, mbona unanilisha na hunitazami usoni?"

Nakiete akapiga magoti. Akasema kwa sauti, na wapita njia wote wakasikia:

"Ile nyeusi niliigusa mimi kwanza. Nikaijua kwa ulaini wake, nikaiacha ikungoje wewe. Wa kwenda alikuwa mwanangu."

Hadithi yangu inakomea hapo, na msiniulize Namkunda alijibu nini. Anayejitoa, Mungu humpokea. Anayemtoa mwenzake, na aseme ni yeye, asimsingizie Mungu.