Hakuna Aliyenifundisha

Wapendwa, leo nawapeleka mbali, Brazili. Msimtafute mwanamke nitakayemsimulia kwenye simu zenu, ni mfano tu, na hizo simu naziona kutoka hapa.

Huko, upande wenye ukame, palikuwa na mama mjane aliyekuwa akiimba misibani. Mtoto wa mtu akifariki, na miaka hiyo walifariki wengi, watu walimwita. Alikaa karibu na maiti akaimba taratibu mpaka mama mfiwa aweze kulia. Hakuwa na mtu wa kumwachia binti yake, hivyo alikwenda naye mgongoni. Binti akakua hivyo, sikio limelalia mgongo wa mama, anasikia sauti inavyoanza, inavyopumua, inavyopanda. Kabla hajajua kuongea vizuri, alikuwa anaimba.

Shule ya muziki hakuiona hata kwa nje. Alipokuwa msichana aliimba kwenye harusi, akaimba kwenye baa, hadi watu wa redio wakamsikia. Nchi nzima ikamjua.

Siku moja mtangazaji akamwuliza, "Dada, sauti hii ulifundishwa na nani?"

Wewe ungejibu nini? Yeye aliona haya. Aseme mbele ya taifa zima kwamba darasa lake lilikuwa matanga? Akacheka kidogo, akasema, "Hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe."

Wakampigia makofi. Na sisi tungepiga.

Kijijini, majirani walikuwa wamejaa kwa yule mama kusikiliza redio. Wote wakamtazama, kisha wakatazama chini. Mama akasema, "Ameongea vizuri," akaingia jikoni kuchochea moto.

Wiki hiyo hiyo jirani mmoja akafiwa na mtoto. Wakaja kumwita.

"Nitakuja kukaa nanyi," akawaambia, "lakini kuimba msinitegemee. Mimi sijui kuimba. Ningekuwa najua, si mwanangu angejifunza kwangu?"

Hakusema kwa hasira. Aliamini. Mtoto yule akazikwa kimya, na mimi hapa huwa naumia kila ninapofika.

Binti aliporudi kusalimia, akamwona mama yake anafagia bila kuimba. Akauliza kwa majirani, wakamwambia yote. Akaja akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Niimbie hata kidogo."

"Nilikusamehe siku ile ile, mwanangu," mama akajibu, akimfuta machozi. Akafungua kinywa ajaribu. Sauti haikutoka.

Mmenisikia? Msamaha ulikuwepo. Sauti ndiyo haikurudi.

Na sisi je? Si tunasimama hapa mbele kila Jumapili kushuhudia? Tunasema, nimepambana peke yangu, nimesoma kwa shida zangu, nimejenga kwa jasho langu. Tunamtaja Mungu, kwa sababu Mungu hatuoni haya kumtaja. Lakini shangazi aliyetulea, mwalimu aliyetushika mkono tukaandika, mama aliyelala njaa ili sisi tule, hao hatuwataji. Nao wamo humu humu, kwenye mabenchi ya nyuma, wanatusikiliza, na tukimaliza wanaitikia amina pamoja na wengine. Kisha wanarudi nyumbani wakiamini kwamba hawakufanya kitu.

Mahubiri sijayamaliza. Lakini mwenye mama yake humu ndani, au mtu mwingine aliyembeba, ainuke sasa hivi aende akakae naye. Nitasubiri.