Mzee Mrutu na Mbio za Kuuzunguka Mlima

Kabla hujamtumia mwenzio, isome kwanza wewe mwenyewe. Huenda inakuhusu.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare aliishi Mzee Mrutu, mkulima wa tangawizi na bingwa wa maneno. Kila penye watu watatu, yeye alikuwa wa nne, na habari yake ilikuwa ile ile: ujanani aliuzunguka mlima wa Ighonda kwa mbio, akarudi kabla chai yake haijapoa.

"Vijana wa siku hizi mna viatu," alizoea kusema. "Sisi tulikuwa na miguu."

Mlima wenyewe si wa mchezo. Njia inaanzia uwanja wa shule, inapanda msituni, inapita ukingoni mwa korongo, inakata mto wenye mawe ya utelezi, kisha inashuka upande wa pili kwa mteremko uitwao Vunjagoti na kurudi uwanjani pale pale.

Mwaka huo Mwalimu Senkondo, mwalimu wa michezo, akatangaza mashindano ya kuuzunguka. Kwa heshima, wa kwanza kutajwa kuwa mshiriki akawa Mzee Mrutu.

"Mimi? Nimeshazeeka, mwalimu. Goti linanisumbua."

"Mzee wangu, hatutaki ushinde. Tunataka vijana wakuone tu."

Watu wakapiga makofi. Kukataa kukawa kugumu kuliko mlima.

Siku ya mbio mkewe, Nakunda, alimpikia makande, akamwangalia anavyofunga kamba za raba, akamwambia, "Nenda salama, Baba Niwaeli."

Filimbi ikalia. Mzee Mrutu akatoka kwa kishindo, kifua mbele, mpaka kona ya kwanza iliyomficha na macho ya watu. Hapo akainama kana kwamba kamba imelegea, akawaacha vijana wote wampite. Kisha akachepuka, akaingia kwenye kibanda chake cha kukaushia tangawizi.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Njia ni ya mviringo. Anayetoka hapa atarudi hapa. Atapumzika kidogo, na vijana wakishaingia uwanjani, naye atatokea nyuma yao akihema. Kwa mtu wa umri wake, kushika mkia si aibu. Akajilaza juu ya magunia. Makande yalikuwa mengi tumboni, na usingizi haukubisha hodi.

Alipoamka, jua lilikuwa limeshainama. Akakurupuka, akajipaka matope miguuni, akajimwagia maji usoni yawe jasho, akakimbilia uwanjani mikono juu.

Hapakuwa na mtu. Mbuzi alikuwa akitafuna utepe wa kumalizia mbio. Pembeni, bibi mmoja muuza miwa alikuwa akikusanya maganda.

"Bibi, watu wako wapi?"

"Wako mlimani," bibi akajibu bila kuinua kichwa. "Wanamtafuta Mzee Mrutu. Vijana wote wamerudi, yeye hajaonekana. Wanasema ametumbukia korongoni, maskini."

Mzee Mrutu nusura acheke. Kisha akauliza, "Na mkewe?"

"Huyo ndiye aliyetangulia. Hakungoja mtu. Amepanda na ndala, analiita jina la mumewe. Na ukungu ndio huo unashuka."

Mzee Mrutu akainua macho. Kilele kilikuwa kimeshamezwa. Korongo lile lilikwisha kuchukua ng'ombe wenye macho mazuri, sembuse Nakunda, ambaye siku hizi hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano.

Akageuka, akakimbia. Safari hii hakutazama nani anamwona.

Msituni alipanda kwa miguu, kisha kwa mikono na miguu. Mapafu yaliwaka moto. Alipofika korongoni, akakuta kundi la wanakijiji wamelala kifudifudi wakichungulia chini na kuita.

"Mmemwona Mama Niwaeli?"

"Yuko mbele!" mmoja akajibu, halafu akageuka kuona nani kauliza, akapiga yowe.

Mwalimu Senkondo akashika kichwa. "Jamani! Tunamtafuta mbele, kumbe anatokea nyuma! Mzee anazunguka mara ya pili!"

Mzee Mrutu hakuwa na pumzi ya kueleza. Akawapita. Mtoni akateleza, maji yakaondoka na raba moja. Akaendelea na iliyobaki, mpaka akasikia sauti iliyokauka ikitoka kwenye ukungu: "Baba Niwaeli! Ee, Baba Niwaeli!"

Alimkuta juu ya Vunjagoti, amekaa kwenye jiwe, ndala moja imekatika. Nakunda akaruka, akamshika mabega, akampapasa kichwa kama anayetafuta ufa kwenye chungu.

"Uko mzima! Ulikuwa wapi? Nimekuita mlima mzima!"

Uongo ukamjia mdomoni, tayari umeshapikwa na kupakuliwa. Akaumeza.

"Nilikuwa kibandani."

"Kibanda kipi?"

"Chetu. Nililala."

Nakunda akavua ndala iliyobaki, akamchapa nayo begani. Akamchapa tena. Kisha akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na zile habari za ujanani..." Mzee Mrutu akaanza.

"Nazijua. Mama yako aliniambia mwaka ule ule uliponioa. Hata kuni ulikuwa hupandi kufuata."

"Sasa kwa nini umekuja kunitafuta huku?"

Nakunda akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kwa sababu leo, kwa mara ya kwanza, nilikuamini."

Ndala haikumuuma Mzee Mrutu kama neno lile.

Walishuka Vunjagoti wameshikana mikono, pengine kwa miguu, pengine kwa makalio. Uwanjani watu walikuwa wamesharudi, wakishangilia: "Mara mbili! Mara mbili!" Mwalimu Senkondo akamvalisha medali.

Mzee Mrutu akainua mkono. "Ndugu zangu, ninyamazieni. Nyie mlipokuwa mnakimbia, mimi nilikuwa nimelala kibandani kwangu. Na zile mbio za ujanani hazikuwapo kabisa. Aliyenitangulia mlima mzima leo ni huyu, tena kwa ndala." Akaivua medali, akamvika mkewe.

Kisha sauti moja ikapasuka katikati ya umati: "Mnaona? Mabingwa wa kweli ndivyo walivyo. Hawajisifu!"

Wakambeba juu juu. Kila alipolia, "Ni kweli jamani, nililala!" ndivyo shangwe zilivyozidi. Nakunda alifuata nyuma, peku, medali kifuani, akicheka na kujishika mbavu.

Funzo: Uongo haumuumizi asiyekuamini, humuumiza anayekupenda siku anapoamua kukuamini. Sema kweli ungali chini ya mlima, maana wakishakupandisha kileleni, hata ukipiga kelele hawatakusikia.